Mashine Iliyojua Hesabu Moja

Katika kitivo chetu kuna sentensi isiyokosa kusikika kila mwaka wa masomo: tungefanya utafiti wa maana kama tungekuwa na vifaa. Husemwa na wanafunzi wanaotafuta mada, husemwa na waalimu wanaosahihisha kazi zetu, na mara nyingine huandikwa katika utangulizi wa kazi za mwisho wa masomo, kama udhuru unaotangulia lawama. Si sentensi ya uongo. Umeme hukatika, intaneti ni ghali, na rekoda moja hugombaniwa na watu watano. Lakini imekuwa sentensi ya hatari, kwa sababu inatuzoesha kuamini kwamba kifaa hutangulia swali. Nataka kutetea kinyume chake: swali ndilo linalozaa kifaa, na kitivo kisicho na swali lake chenyewe hakitaokolewa na kompyuta yoyote.

Mfano wangu hautoki katika isimu wala katika fasihi. Unatoka kwa wanaastronomia wa Tokyo, nchini Japani, ambao mwaka 1989 walimaliza kujenga mashine iliyojua hesabu moja tu. Nawaomba wasomaji wanaokimbia hesabu wavumilie kidogo. Hakuna fomula hapa, na jambo lenyewe linatuhusu kuliko linavyoonekana.

Tuanze na tatizo lao. Tangu Newton tunajua kwamba kila kitu chenye uzito huvuta kila kitu kingine, na kwamba mvuto huo hupungua kwa umbali: umbali ukiwa mara mbili, mvuto unabaki robo. Vitu vikiwa viwili tu, tuseme jua na sayari moja, kalamu na karatasi zinatosha kujua vitakapokuwa kesho na mwaka ujao. Vikiwa vitatu au zaidi, kalamu inachoka. Inabidi kwenda hatua kwa hatua: unahesabu mvuto wa kila kimoja juu ya kila kingine, unavisogeza vyote kidogo, kisha unaanza upya.

Ugumu uko katika maneno hayo, kila kimoja juu ya kila kingine. Fikiria matanga ambapo kila aliyefika lazima apeane mkono na kila mwingine. Watu 10 watapeana mikono mara 45. Watu 100, mara 4,950. Watu 1,000, karibu mara nusu milioni. Sasa, angani kuna vishada vya nyota vyenye nyota laki kadhaa, hata milioni moja, zinazozungukana kwa mabilioni ya miaka. Kwa nyota milioni moja, jozi zake ni karibu bilioni 500, na hiyo ni hatua moja tu ya safari yenye hatua nyingi mno.

Watu hawakungoja kompyuta ili kulikabili swali hilo. Mwaka 1941, Erik Holmberg wa Lund, nchini Sweden, alitaka kujua nini hutokea galaksi mbili zinapopitana karibu. Aliona kwamba mwanga wa taa hupungua kwa umbali kwa kanuni ile ile ya mvuto. Basi akapanga taa ndogo za umeme juu ya meza, 37 kwa kila galaksi, akapima kwa chombo cha kupokea mwanga ni mwanga kiasi gani unafika mahali pa kila taa na kutoka upande gani. Mwanga ulikuwa badala ya mvuto. Alizisogeza taa, akapima tena. Hiyo ndiyo maabara yake: meza na taa 74. Alikuwa na swali lililo wazi, na kwa kuwa lilikuwa wazi aliweza kuona kwamba taa zingelijibu.

Kompyuta zilipokuja, kazi ilihamia huko, lakini kwa unyenyekevu: mwaka 1960, huko Ujerumani, Sebastian von Hoerner alichapisha hesabu za makundi yasiyozidi nyota 16. Idadi ikapanda polepole. Kila mara kompyuta ilipoongezeka nguvu, jozi zilizidi kuongezeka pia na kuila nguvu hiyo.

Tufike sasa Tokyo. Daiichiro Sugimoto alikuwa profesa katika kampasi ya Komaba ya Chuo Kikuu cha Tokyo, ambako wanafunzi wote wa miaka miwili ya kwanza hupata elimu ya jumla, masomo ya lugha yakiwemo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, yeye na mwenzake Bettwieser walikuwa wametoa dai la ajabu kuhusu vishada vya nyota. Ilijulikana kwamba kitovu cha kishada hujikusanya na kusongamana kadiri miaka inavyopita. Wao walisema kwamba baada ya kusongamana, kitovu kinaweza kupanuka tena, kisha kusongamana tena, tena na tena, kama kifua cha mtu anayepumua. Dai hilo lilitoka katika hesabu zilizokichukulia kishada kana kwamba ni gesi. Je, nyota halisi, moja moja, zingefanya hivyo? Ili kujibu, zilihitajika nyota makumi ya maelfu, kila moja ikivutwa na zote nyingine. Hakuna kompyuta ya wakati ule ambayo wangepewa kwa muda wa kutosha kufanya kazi hiyo.

Hapa ndipo njia mbili zilipoachana. Njia ya kwanza ni ile tunayoijua sisi: kuandika barua ya kuomba, kulalamika, kungoja. Njia ya pili ilitoka katika wazo la Yoshihiro Chikada wa kituo cha darubini za redio cha Nobeyama, ambako walikuwa wamekwisha kuzoea kujenga mitambo yao wenyewe ya kuchakata ishara za angani. Wazo lilikuwa hili: katika programu ya nyota, karibu jasho lote linamwagika mahali pamoja, yaani katika kuhesabu mvuto kati ya jozi. Mengine yote, kama kusogeza nyota, kuhifadhi matokeo na kuchora picha, ni kazi ndogo. Basi kwa nini tununue mashine inayojua kila kitu? Tuiachie kompyuta ya kawaida kazi ndogo zote, na tujenge pembeni yake mashine isiyojua lolote ila mvuto wa jozi.

Waliiita GRAPE. Jina hilo ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya bomba la mvutano, na kwa bahati ya kutafutwa likawa pia neno la Kiingereza la zabibu. Bomba si tamathali tu. Ndani ya mashine, hesabu ya jozi imegawanywa katika vituo vidogo vilivyopangwa mstari: kimoja kinatoa tofauti ya mahali, kinachofuata kinapiga kipeo cha pili, kinachofuata kinajumlisha, na kadhalika hadi mvuto unatoka mwishoni. Jozi moja ikitoka kituo cha kwanza, nyingine inaingia. Hakuna kituo kinachokaa bure, na hakuna anayeuliza kazi ya leo ni ipi, kwa maana kazi ni ile ile. Ya kwanza, GRAPE-1, ilijengwa na mwanafunzi, Tomoyoshi Ito, kwa chipu za kawaida zinazouzwa madukani. Iliweza kufanya hesabu kama milioni 240 kwa sekunde.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, linatugusa sisi wanaisimu kuliko mengine yote. GRAPE-1 haikuwa sahihi sana. Namba zake zilikuwa fupi mno, na mvuto wa jozi moja ungeweza kukosewa kwa asilimia chache. Kwa mhandisi mwenye haraka, hiyo ni mashine mbovu. Lakini wajenzi wake walikuwa wamefikiri. Katika galaksi, nyota haivutwi na jirani mmoja. Inavutwa na umati. Makosa madogo ya jozi nyingi, yakienda huku na huku bila mpango, yanafutana. Kwa swali la galaksi, usahihi ule ulitosha. Kwa swali la vishada, ambako nyota mbili hukaribiana sana na kosa dogo la leo linakuwa kubwa kesho, usahihi ule haukutosha. Basi wakajenga koo mbili: mashine za namba witiri, 1, 3 na 5, kwa maswali yanayovumilia makosa, na za namba shufwa, 2, 4 na 6, kwa maswali yasiyovumilia. Hawakuuliza tu kama mashine ni sahihi. Waliuliza: sahihi kiasi gani, kwa swali lipi?

Naomba tujiulize ni mara ngapi swali hilo linaulizwa katika semina zetu. Mwanafunzi anayechunguza mpangilio wa maneno katika Kiswahili cha Lubumbashi anatumia miezi kuandika kila sauti ya rekodi zake kwa alama za kifonetiki, hadi urefu wa kila irabu, kwa sababu ameambiwa kwamba huo ndio usayansi. Muda wote umekwisha kabla hajafika kwenye sentensi. Mwingine anayechunguza toni au mkazo anaandika rekodi zake kwa tahajia ya kawaida, ambayo imefuta kile kile anachokitafuta. Wote wawili wamefanya kazi kwa bidii. Hakuna aliyepima usahihi wake kwa swali lake. Wa kwanza alihitaji mashine ya namba witiri, wa pili ya namba shufwa.

Hadithi ya Tokyo iliendelea. Mwaka 1995 ilikamilika GRAPE-4, yenye chipu 1,692 zilizobuniwa kwa ajili yake, ikavuka hesabu trilioni moja kwa sekunde. Mwaka 1996 Junichiro Makino, mwanafunzi wa zamani wa Sugimoto, alichapisha matokeo ya kishada cha nyota zaidi ya 32,000, yaani jozi zaidi ya milioni 500 katika kila mzunguko kamili wa hesabu. Kitovu kilisongamana, kikapanuka, kikasongamana tena. Kishada kilipumua. Dai lililotolewa zaidi ya miaka kumi kabla lilipata jibu, na lilijibiwa na mashine ambayo isingezaliwa bila dai hilo. Mwaka 2002 ikaja GRAPE-6, yenye chipu 2,048 na uwezo wa kilele wa hesabu trilioni 64 kwa sekunde. Mwaka huo huo Japani ilizindua Earth Simulator, kompyuta iliyoongoza orodha ya dunia, ambayo kilele chake kilikuwa trilioni 40. Ulinganisho huo lazima ufanywe kwa tahadhari: Earth Simulator iliweza kazi nyingi, GRAPE-6 iliweza moja. Lakini katika hiyo moja, kikundi kidogo cha wanaastronomia kilisimama mbele ya mradi wa taifa. Na hawakujifungia: bodi za GRAPE zilitumiwa Marseille, Heidelberg, Amsterdam na kwingineko.

Najua pingamizi litakalokuja, kwa sababu ni pingamizi zito. Mashine hizo ziko wapi leo? Karibu mwaka 2007, watafiti waligundua kwamba kadi za picha, zile zinazotengenezwa kwa wingi kwa ajili ya michezo ya kompyuta, zinaweza kuhesabu mvuto wa jozi kwa kasi inayokaribia au kupita ile ya GRAPE, na kwa bei ya dukani. Wakati huo huo gharama ya kubuni chipu mpya ilikuwa imepanda mno kwa kikundi cha chuo kikuu. Soko la vijana wanaocheza lilishinda maabara. Basi, atasema mpinzani wangu, si afadhali wangengoja tu?

Nasema hapana, kwa sababu mbili. Kwanza, wangengoja hadi 2007 jibu walilolipata 1996. Miaka kumi na moja ni maisha mazima ya mtafiti: ni wanafunzi wangapi wangemaliza masomo bila kuligusa swali? Pili, tazama jinsi kadi za picha zilivyopokelewa. Mwaka 2009 ilichapishwa maktaba ya programu iitwayo Sapporo, ambayo kazi yake ni kuifanya kadi ya picha ijibu kana kwamba ni GRAPE-6. Programu zilizoandikwa kwa mashine ya zamani ziliweza kuzungumza na kifaa kipya bila kuandikwa upya. Waliokuwa wamejenga kidogo walikuwa tayari kupokea kikubwa, maana walijua tayari jasho linamwagika wapi na usahihi gani unahitajika. Chuma kilizeeka, lakini mgawanyo wa kazi ulibaki. Aliyekuwa akingoja tu alipokea kadi ile ile bila kujua aiulize nini.

Turudi kwetu. Kila mazungumzo ya kompyuta nchini Kongo hufikia haraka mahali pamoja: kobalti ni ya Katanga, koltani ni ya Kivu, bila sisi simu zao zisingewaka. Ni kweli, na uchungu wake ni wa haki. Lakini mbele ya kazi ya kitivo cha lugha, maneno hayo yamekuwa mto wa kulalia. Madini yaliyo chini ya miguu yetu hayatupi swali. Na swali hatuwezi kuagiza kutoka nje, kwa sababu wenye mashine kubwa wana maswali yao. Programu zao za Kiswahili zinazidi kuwa nzuri, tena nashukuru, lakini zimefunzwa zaidi kwa Kiswahili cha magazeti ya pwani. Ukiziandikia mutu au batu, zitakuona umekosea. Hatuwezi kuzilaumu kwa kutojua kile ambacho sisi wenyewe hatujakiweka pamoja mahali pamoja.

Nitoe mfano mmoja, ili nisiache hoja hewani. Sote tunasikia kila siku tunasemaka, anaendaka, banakulaka. Kiambishi hicho cha mazoea hakimo katika Kiswahili sanifu, ambacho hutumia hu-. Je, vina maana moja? Ni vitenzi gani vinakikataa? Je, kijana wa Lubumbashi na mama wa makamo wa Bukavu wanakitumia sawasawa, au mmoja wao hakitumii kabisa? Hilo ni swali moja, la kwetu. Tuulize sasa jasho linamwagika wapi. Si katika nadharia. Vitabu vya nadharia tunavyo. Linamwagika katika kukusanya sentensi halisi na kuziandika kwa namna moja ili ziweze kulinganishwa. Usahihi gani unatosha? Kwa swali hili fonetiki haihitajiki. Inatosha sentensi nzima kama ilivyosemwa, kitenzi chake, mahali, umri wa msemaji na mazungumzo yalihusu nini. Safu tano katika jedwali, ambazo simu ya kawaida inaweza kuzijaza hata umeme ukiwa umekatika. Wanafunzi 10, kila mmoja akileta sentensi 200, wana sentensi 2,000 kabla ya mwaka kwisha. Hiyo ndiyo GRAPE-1 yetu: ya bei nafuu, yenye mipaka inayojulikana, isiyofaa kwa kazi nyingine yoyote, na isiyo na haja ya kufaa.

Leo hali ikoje? Kila kazi ya mwisho wa masomo inaanza upya, na kila mmoja anabuni namna yake ya kuandika, kisha rekodi zinakufa pamoja na simu ya mwenyewe. Sentensi zilizokwisha kukusanywa na vizazi vya wanafunzi hazilinganishwi, kwa sababu hakuna aliyekubaliana na mwingine. Tuna nguvu ya mikono mingi, lakini hatuna bomba: kila mtu anafanya vituo vyote peke yake, vibaya, mara moja, kisha anaondoka na diploma.

Wengine watasema napendekeza kuwafunga wanafunzi katika swali la mtu mwingine. Naheshimu hofu hiyo, hasa kwa wenzetu wa fasihi, ambao kazi yao haiwezi kukatwa vipande kwa urahisi hivyo. Lakini Ito hakupotea kwa kujenga mashine ya swali la Sugimoto. Jina lake liko katika historia ya kazi ile. Na uhuru wa kuchagua mada usio na data ni uhuru wa kurudia. Wahenga walisema mtaka yote hukosa yote, na sisi tumetaka yote muda mrefu: maabara ya fonetiki, programu zote, intaneti ya saa zote. Tuendelee kuvidai, ni haki yetu. Lakini barua ya kudai ingekuwa na nguvu zaidi kama ingeambatanishwa na jedwali lenye sentensi 2,000 na maelezo ya kitu gani hasa jedwali hilo limeshindwa kukijibu.

Pendekezo langu ni dogo. Mwaka ujao wa masomo, kabla ya mada za kazi kugawanywa, kila idara iandike swali moja kwenye karatasi, na chini yake mistari mitatu: jasho linamwagika wapi, usahihi gani unatosha, kifaa gani tunaweza kujitengenezea kwa tulicho nacho. Karatasi hizo zibandikwe mlangoni ambapo wote tutazisoma, na waalimu wetu wakubali kwamba angalau theluthi moja ya kazi za mwaka huo zijibu maswali hayo kwa jedwali la pamoja. Idara itakayoshindwa kuandika swali lake itakuwa imetuambia, bila kificho, kwamba upungufu wake haukuwa wa vifaa.